Kutu Isiyo Dhambi

Goma, kanisani na msikitini, moyo wa mkosefu huelezwa kama metali iliyoshika kutu. Waislamu wana usemi mashuhuri unaonasibishwa na Mtume, kwamba mioyo hushika kutu kama chuma na husafishwa kwa kumtaja Mungu. Wakristo wana barua ya Yakobo, ambamo kutu ya mali ya matajiri itasimama kuwashuhudia vibaya. Mifano hii ina nguvu, na mahali pake haina kosa. Lakini imebeba dai ambalo hupokelewa bila kuhojiwa: kwamba kitu halisi ni kile cha mwanzo, kimo chini, kinang'aa, na chochote ambacho muda umekiongeza juu yake ni uchafu wa kuondolewa. Hilo ni dai la mtu aliyefikiria chuma peke yake. Shaba ingemfundisha mengine.

Chukua tochi ya shaba nyekundu. Mjini Goma hiyo si bidhaa ya kila duka. Nyingi zinazouzwa katika mtaa wa Birere ni za plastiki au alumini, na shaba yake imejificha ndani, kwenye nyaya. Hata hivyo wako wapenzi wa tochi, hasa katika nchi tajiri, wanaolipa zaidi ili wapate mwili wa shaba, metali inayoizidi alumini uzito zaidi ya mara 3, kisha wanabishana kama waung'arishe au wauache uzeeke. Ubishi huo si wa kipuuzi. Shaba mpya ina wekundu wa waridi. Ikishikwashikwa hugeuka kahawia, kwa sababu oksijeni imeungana na uso wake. Penye gesi ya salfa huwa nyeusi, na hewa ya chini ya volkano ya Nyiragongo haiikosi salfa: mabati ya vijiji vinavyopitiwa na moshi wake huliwa upesi. Baada ya miaka mingi ya mvua inaweza kuwa kijani kabisa. Hapo ndipo shaba inapoachana na chuma. Kutu ya chuma hubanduka na kuyafungulia maji njia ya kuingia ndani zaidi. Utando wa shaba hushikamana na metali na kupunguza kasi ya kuliwa kwake. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 hivi. Ilipokuwa ikigeuka kijani mwanzoni mwa karne ya 20, lilitolewa wazo la kuipaka rangi. Wahandisi wa jeshi walioichunguza waliona kwamba ukijani ule ndio unaoilinda. Nje haikupakwa rangi, na ngozi ile ingali pale.

Tena utando huo haukutua juu ya shaba kama vumbi. Sehemu yake kubwa ni shaba yenyewe, iliyoungana na hewa ya mahali ilipokaa. Ndimu na chumvi huuyeyusha. Majivu na msasa huukwangua. Kwa njia yoyote ile, kila mng'ao mpya umelipiwa kwa metali kidogo. Mguu wa kulia wa sanamu ya Mtakatifu Petro huko Roma umeguswa na mahujaji kwa karne nyingi hata vidole vyake vimepoteza umbo. Unang'aa, naam, ila fundi aliyeutengeneza asingeutambua. Anayedai kukirudisha kitu kwenye asili yake kwa kukisugua ametengeneza uso mpya chini zaidi, akauita wa zamani.

Mfuasi wa Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, atanijibu kwamba moyo ni kioo, na kioo kisichong'aa hakifai kitu. Ni jibu zuri, maana vioo vya kale vilikuwa metali iliyosuguliwa. Kitabu cha Kutoka kinaeleza kuwa birika la kunawia la hema la Musa lilitengenezwa kwa vioo vya shaba vya wanawake. Lakini kioo hung'arishwa kwa ajili ya kazi yake. Tochi nayo ina mahali pa namna hiyo. Mara nyingi umeme wa betri hurudi kupitia mwili wake, hivyo pale mfuniko unapozungushiwa pakishika utando, mkondo hupita kwa shida na mwanga huyumba. Hapo hapana falsafa: pafutwe kwa spiriti mpaka pawe safi. Upande wa nje, mkono unaposhika, utando hauupunguzii mwanga chochote. Mtunzaji mwenye akili huuliza badiliko hili linazuia nini, na toba nayo ingefaa ianze kwa swali hilo. Anayejikwangua roho nzima kwa sababu ya doa moja hajawa mnyofu zaidi ya wenzake. Amekuwa mwoga zaidi.

Wala si kila utando ni rafiki. Shaba ya kale iliyoingiwa na kloridi, ikipata unyevu, hutoa unga wa kijani hafifu unaoendelea kuila mpaka inatoboka, na wahifadhi wa makumbusho huushughulikia mara moja. Utando uliotulia huwa wanauheshimu, kwa kuwa chumvi za shaba huua vijidudu na kuhifadhi nyuzi za nguo zilizogusana nayo kaburini. Misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ikisuguliwa ing'ae itabaki kuwa metali ya kupimwa kwa mizani.

Pingamizi gumu zaidi linatoka mtaani. Lava ilipita katikati ya Goma Januari 2002 na kuliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nyiragongo ikalipuka tena Mei 2021. Na vita havijauacha mkoa tangu miaka ya 1990. Kumwambia mtu wa hapa kwamba makovu yake ni utando wa kupendeza ni ukatili wa aliyeshiba. Nadharia isiyojibu hilo na itupwe. Mimi najibu kwa Agostino, ambaye katika *Mji wa Mungu* alitenganisha mambo mawili: mashahidi wa imani watakapofufuka, viungo vyao vilivyokatwa vitarudishwa, lakini alama za majeraha huenda zikabaki kwa heshima. Hadithi za Mtume nazo zinasema jeraha la shahidi litakuja Siku ya Kiyama na rangi ya damu na harufu ya miski. Hakuna kati yao anayelisifu panga. Kilichokatwa bado kinadaiwa, hospitalini na mahakamani pia. Alama iliyobaki haimdai mwenye nayo aifute, wala airingie. Ndiyo maana ibada ya uponyaji inayoanza kwa kumtaka mwathirika asahau, arudi kama alivyokuwa, imeanza pabaya. Ianze kwa kumuuliza kipi bado kinamla na kipi kimekwisha kufunga, na jibu lake lipokewe hata kama halimpendezi mhubiri.