Ukweli Ulioandikwa kwa Ajili ya Mafuta

Sisi tufundishao Kiswahili kando ya Ziwa Tanganyika hulitamka neno nyangumi mbele ya wanafunzi ambao hawajapata kuiona bahari. Neno batli nalo, yaani daftari la mwendo wa chombo, karibu limebaki kamusini tu. Hata hivyo, batli za wawindaji wa nyangumi wa Marekani zimetuletea swali ambalo hatuna budi kulijadili: je, yafaa kuipokea elimu iliyotokana na mauaji?

Batli hizo ziliandikwa kwa wingi katika karne ya 19, melini mwa watu wa New Bedford, Nantucket na bandari jirani. Kila siku mwandishi, ambaye mara nyingi alikuwa msaidizi wa nahodha, alitia habari za upepo, mahali chombo kilipo, na nyangumi walioonekana. Aliyeuawa alipigiwa muhuri wa umbo la nyangumi, na mara nyingi iliongezwa hesabu ya mapipa ya mafuta. Aliyeponyoka aliweza kuonyeshwa kwa mkia tu, ukizama. Kurasa nyingine hazina ila upepo na mvua kwa majuma mazima, na uchovu wa mabaharia tunausikia bila kusimuliwa.

Mwaka 1935 Charles Haskins Townsend alitoa ramani zilizotokana na batli hizo, zikionyesha walipokamatwa nyangumi zaidi ya 50,000, na katika miezi gani. Wataalamu wangali wakizitumia. Bahari ya Hindi imo. Baadhi ya meli hizo zilitia nanga Unguja, J. Ross Browne, aliyekuwa baharia katika mojawapo, alichapisha mwaka 1846 kitabu chenye habari za kukaa kwake kisiwani humo. Watu wa pwani, kwa upande wao, walikwisha kumjua mnyama huyu kwa ambari iliyookotwa ufukweni.

Mabaharia wenyewe hawakuwa wa taifa moja. Walikuwamo watu wa visiwa vya Azores na Cape Verde, na Wamarekani weusi. Lewis Temple, mhunzi mweusi wa New Bedford, ndiye aliyetengeneza mwaka 1848 chusa ambacho ncha yake hujigeuza ndani ya mwili ili kisichomoke. Tujivunie akili yake, au tusikitikie kazi iliyofanya? Twakiri kwamba yote mawili hutujia pamoja.

Wako watakaosema kwamba karatasi za watu wakatili hazistahili kusomwa. Hoja hiyo hatuikubali. Tazama yaliyotokea baada ya Vita Kuu ya Pili. Meli za Kisovyeti zilikuwa na wataalamu, na sheria za kimataifa za kuzibana. Lakini kwa miaka mingi hesabu zilizopelekwa kwenye Tume ya Kimataifa ya Nyangumi zilikuwa za uongo. Katika misimu miwili tu, 1959/60 na 1960/61, waliuawa nyangumi wa nundu wapatao 25,000 katika bahari za kusini. Ukweli ulitangazwa katika miaka ya 1990, kwa kuwa baadhi ya wataalamu hao walikuwa wamezihifadhi hesabu za kweli.

Basi mtu wa New Bedford aliandika kweli. Lakini tusimpambe mno. Baharia hakulipwa mshahara bali fungu la mapato, na kila pipa lilikuwa na wadai wake, uongo ungemgharimu. Kweli yake ilikuwa ya mfanyabiashara, si ya mwenye toba. Twaona kwamba inafaa vilevile, ila haimtakasi. Wala hakuandika yote, kwani aliyejeruhiwa akaenda kufia mbali hakuwa na pipa la kuhesabiwa.

Mwaka 2007 wawindaji wenyeji wa Alaska walikuta katika mwili wa nyangumi kipande cha kombora lililotengenezwa New Bedford mwishoni mwa karne ya 19. Mnyama huyo alikuwa ameishi nacho miaka ipatayo 100 au zaidi. Ikiwa siku ile iliandikwa, basi huenda alichorewa mkia tu, na ukurasa ukafunuliwa.