Je, Ni Haki Kumficha Baba Makosa ya Mtoto?

Huenda jambo hili limewahi kupita nyumbani kwako. Kijana wa kidato cha pili amesimamishwa masomo kwa wiki mbili kwa sababu ya kuvunja vioo vya bweni. Baba anafanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi. Mama anakopa pesa katika chama, analipia vioo, kisha anampeleka kijana kwa mama mdogo hadi siku ya kurudi shuleni. Baba akipiga simu anaambiwa, "Sisi sote wazima, Baba watoto." Je, mama huyu ametenda mema au mabaya?

Tusiharakishe kumhukumu. Mara ya mwisho baba alipopata habari kama hiyo, alivua mshipi kabla ya kuuliza swali hata moja. Mama hafichi kwa kupenda uongo, bali kwa hofu. Kwa hiyo wewe baba, ukigundua kwamba unafichwa mambo nyumbani mwako, jiulize kwanza: ni nani aliyewafundisha kunificha? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko. Isitoshe, kijana anayechapwa bila kusikilizwa hujifunza jambo moja upesi sana, nalo ni kuhakikisha hashikwi tena.

Hata hivyo, mama, siri hiyo si kinga. Kwanza, inamfunza kijana kwamba baba ni adui na kwamba kila kosa lina mtu wa kulilipia. Pili, inamnyima mumeo nafasi ya kuwa mzazi, maana hawezi kujirekebisha kwa jambo asilolijua. Tatu, na hili ndilo kubwa, unaweza kudhani unaficha kosa kumbe unaficha ugonjwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Pengine kijana huyo ni mtundu tu. Lakini pengine hasira yake ni huzuni iliyokosa pa kutokea. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huwa yameanza kufikia umri wa miaka 18. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi halali vizuri, hali chakula, amejitenga na marafiki na masomo yake yameanguka, mpelekeni kwa daktari. Akisema heri afe, msiseme anadeka. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya kichwani, bali humfungulia njia ya kusema. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya msaada kwa watoto, nambari 116, haitozwi malipo. Mzigo kama huu mzazi mmoja ataubebaje huku mwenzake akidanganywa kwamba wote ni wazima?

Basi tufanyeje? Mke na mume wapatane kabla mambo hayajaharibika. Baba aahidi kwamba habari yoyote ya mtoto ataisikia mpaka mwisho, na hatainua mkono. Mama naye aahidi kwamba hatalipa wala kuficha chochote peke yake. Usimpokee mumeo mlangoni na habari mbaya. Ale kwanza, apumzike. Kijana mwenyewe aambiwe kwamba baba atajua, na apewe nafasi ya kueleza kwa kinywa chake. Adhabu iwepo, lakini iwe ya kutengeneza alichoharibu: afanye kazi likizoni mpaka deni la vioo liishe. Na kama mume ni mtu wa kuumiza, mama usimwambie mkiwa wawili tu. Mwite kwanza kaka yake au msimamizi wa ndoa yenu, mtu anayemheshimu.

Mwisho, sikilizeni maneno ya nyumbani mwenu. Mtoto akishinda mtihani, kila mmoja husema "mwanangu". Akifukuzwa shule, anageuka kuwa "mwanao". Kijana husikia neno hilo hata akiwa chumbani kwake. Siku anapokuwa mgumu kupendwa ndiyo siku anayohitaji zaidi kuwasikia nyote wawili mkisema "mwanetu".