Lutu Alipokawia

JUMANNE

Soma Mwanzo 19:12–22. Lutu aliliamini onyo la malaika, tena aliwapelekea wakwe zake habari. Kwa nini basi alikawia kulipopambazuka?

______________________________

Wakwe zake walidhani anafanya mzaha. Lutu hakudhani hivyo. Aliamini, lakini aliamini akiwa ameketi. Fungu la 16 linatuonyesha huruma ya Bwana: malaika waliwashika mkono yeye, mkewe na binti zake wawili, wakawatoa nje ya mji. Rehema ya Mungu siku ile haikuuzima moto, iliwatoa watu.

Hapa Simiyu, kuanzia Juni hadi Septemba nyasi zimekauka na masalia ya pamba yanachomwa mashambani. Upepo ukigeuka, moto huingia kwenye ngitili, kisha kwenye paa la nyasi. Saa hiyo moyo hushikwa na ng'ombe walio zizini na pamba iliyo ndani. Wengine husema, "Tubaki tuombe, Mungu atauzuia." Kuomba ni vyema, ila omba huku unaondoka. Mithali 22:3 humwita mwerevu yule aonaye hatari akajikinga. Haimwiti mwenye imani haba.

Basi ondokeni mapema, kabla moshi haujaziba njia. Fungueni zizi, mifugo ijiokoe. Msikimbie mbele ya moto unaosukumwa na upepo; upisheni kwa ubavuni, mkielekea pasipo na cha kuungua: shamba lililolimwa, mchanga wa mto uliokauka, au uwanja mtupu. Funikeni pua kwa kitambaa kibichi. Pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyetoka asirudi kuchukua kitu. Ndivyo Yesu alivyowaonya watu wa Uyahudi (Mathayo 24:16–18).

Sasa iangalie tena mikono ile ya malaika. Katika kundi lenu yuko bibi asiyeona vizuri, mama aliyejifungua juzi, na mzee anayeishi peke yake. Nani atawashika mkono? Jambo hili lipangwe Sabato hii, kwa majina, wala lisingoje siku ya moto.

Ni kitu gani nyumbani kwako kingekufanya ukawie? Je, kitu hicho hicho kinakukawiza pia kuuitikia wito wa Kristo leo?