Vumbi la Chumba cha Injini

Mjukuu wangu, haya niliwaambia kaka zako, wakaitikia "ndiyo babu", wakaenda zao. Nayarudia kwa kuwa kesho unapanda basi pale Misigiri kwenda Mwanza kutengeneza meli.

Hapa Ulemo vumbi hatulishangai, na vijana wanaochimba dhahabu kule Sekenke wanajua la mwamba. La asbesto, utakalolikuta melini, si hilo. Halikuwashi wala halikukohoshi siku ile. Nyuzi zake jicho halizioni, na zikizama pafuni nyingi hazitoki tena. Maradhi huja baada ya miaka 20, 30, hata 40: mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, na ile ya utando unaoyafunika. Na hiyo sigara yako, nimeshakusihi mara nyingi, inaizidisha mno hatari ya saratani ya mapafu.

Chunga meli kongwe. Kwa mfano, MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaenda kwa mvuke miaka mingi kabla ya kufungwa dizeli. Meli za kizazi chake zilivikwa asbesto kwenye boila na mabomba ili kuzuia joto. Zilizofuata ziliwekewa hata kwenye kuta na gasketi. Mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, ulikataza kabisa kufunga asbesto mpya melini tangu tarehe 1 Januari 2011, lakini ya zamani iliachwa ilipo. Tena mkataba huo ni wa meli za safari za kimataifa. Ukiwa ziwani usiutegemee ukulinde.

Kwa hiyo uliza kabla ya kushika. Ukiona bomba limefungwa kitu cheupe au cha kijivu kinachomeguka, simama, mwite msimamizi, kipande kipelekwe maabara. Usikikwangue kikavu, usipulize kwa kompresa, usifagie. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Ovaroli iache kazini, mwanangu. Huko ng'ambo wake wa mafundi waliugua kwa kufua tu nguo za waume zao. Bosi akikulazimisha, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wapo kwa ajili hiyo, kwa sheria ya mwaka 2003.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa pia maradhi yatokanayo na kazi. Lakini utakapougua, bosi huyo huenda ameshastaafu na meli imeshakatwa chuma chakavu. Tunza mkataba wako na hati za mshahara. Andika jina la kila meli, mwaka, na kazi uliyofanya humo, kisha nakala umpe mkeo aihifadhi.