Je, Aliyedhulumiwa Anyamaze?

Watu wengi wadhani ya kuwa Mkristu aliyedhulumiwa hana ruhusa kutangaza jeraha lake. Nyumba yake imechomwa, ng'ombe wake wametekwa, mwanawe ameuawa, naye akifika barazani kueleza uchungu wake, jirani humwambia: «Mama, nyamaza. Anayesamehe hasemi.» Basi yafaa kuuliza: Je, kusamehe ni kunyamaza? Na asemaye maumivu yake mbele ya mwamuzi, je, ajilipiza kisasi?

Swali hilo lina mfano katika Kongo yenyewe. Bogoro ni kijiji cha Ituri. Tarehe 24 Februari 2003, wapiganaji wenye silaha walikishambulia, wakaua watu, wakateketeza nyumba, wakapora mifugo. Germain Katanga, aliyekuwa mkuu mmoja wa wapiganaji, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, nchini Uholanzi. Mwaka 2014 mahakimu walimwona na hatia ya kusaidia makosa hayo, wakamhukumu kifungo cha miaka 12.

Katika mahakama za kimataifa zilizotangulia, mtu aliyeumizwa aliitwa kuwa shahidi tu. Aliulizwa nani alipiga, na saa ngapi. Kisha alirudishwa kwao. Lakini Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, uliounda mahakama hiyo, waagiza kwamba jambo likiwagusa waliodhulumiwa, mahakimu wapokee maoni na mahangaiko yao, pasipo kuvunja haki ya mshtakiwa. Hivyo watu 366 walishiriki katika kesi ya Katanga, mawakili wakisema kwa niaba yao. Katika Kongo pia, sheria yamruhusu aliyeumizwa kujiunga na kesi ya jinai ili adai malipo ya hasara yake.

Kwa nini sauti hiyo yahitajiwa? Kwanza, kwa ajili ya ukweli. Wahenga walisema: Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Askari aweza kuhesabu nyumba zilizoungua; hawezi kuhesabu siku ambazo mjane hakulala, wala hofu ya mtoto akisikia kishindo. Mwamuzi asiposikia hayo, apima nusu ya kosa, na hukumu yake ni nusu ya haki.

Pili, kwa ajili ya mkosaji. Mwenye kutupa jiwe gizani hajui limempiga nani. Akisikia kwamba mzee fulani amebaki bila mwana wa kumlimia shamba, hapo kosa lapata uso na jina, na dhamiri yaweza kuamka.

Tatu, kwa ajili ya msamaha wenyewe. Deni lisilotajwa halisameheki. Mtu akimwambia mdeni wake, «Nimekusamehe,» lakini mdeni hajui kama alidaiwa kuku mmoja au zizi zima, msamaha huo ni neno tupu. Hajui alichosamehewa, wala hajui la kutubu. Kumbe yule atajaye jeraha lake waziwazi hajaukimbia msamaha, ameutengenezea njia.

Lakini ulimi huponya, na ulimi huua. Kwa hiyo kusema huko kuna amri zake. Asemaye aseme kweli tu. Katika kesi ya Bogoro, watu 341 waliomba malipo. Mahakimu walichunguza ombi la kila mmoja, na mwaka 2017 wakawakubali 297. Tena aseme yaliyompata yeye, kwa tendo la mtu fulani. Asilaumu kabila zima, wala watoto wa mkosaji. Hapo ndipo ushuhuda hutengana na kisasi: ushuhuda wataka kosa lijulikane, kisasi chataka mwingine aumie.

Vilevile asilazimishwe. Mwanamke aliyenajisiwa asisukumwe kusimulia mbele ya umati. Mahakama zaweza kuficha jina na uso wake, au kumpa wakili wa kumsemea. Na anayetaka kukaa kimya kwa hiari yake, aheshimiwe. Wajibu wa kusikiliza ni wa wengine, haki ya kusema ni yake.

Mahakimu waliwapa wale 297 dola 250 kila mmoja, pamoja na msaada wa jumla kwa ajili ya makao, masomo, kazi za kujipatia riziki, na uponyaji wa moyo. Hakuna aliyedhani kwamba dola 250 zatosha kulipa uhai wa ndugu. Mahakimu wenyewe walisema ni ishara tu. Walakini ishara ina maana. Yamwambia mtu: Uliyotendewa yamejulikana, nayo yalikuwa maovu.

Ishara hiyo, hata kijiji kisicho na mahakama chaweza kuitoa. Mzee wa baraza, na kila mkatekumeni, akimwona mjane aliyedhulumiwa, asianze kumwuliza, «Umekwisha kusamehe?» Aketi kwanza, amwulize, «Mama, ulipatwa na nini?» Kisha anyamaze yeye, asikilize mpaka mwisho.