Nani Apande Msimu Huu?

Jinai haiozi, husema wanasheria wetu. Aliyeua anaweza kufikishwa kizimbani baada ya miaka thelathini. Madai yanaoza. Deni lina umri wake, mgogoro wa shamba una umri wake, na rufaa ndiyo yenye umri mfupi kuliko yote: siku 30, 45 au 60, kutegemea nchi na ngazi ya mahakama. Siku hizo zikishapita hukumu inafungwa, hata kama hakimu aliyeiandika alipotoka. Inakuwaje kosa ligeuke haki kwa sababu tu tarehe zimepita?

Swali hili nalipeleka Gishubi, komini ya vilima katika mkoa wa Gitega, katikati ya Burundi. Huko, kama kwingineko nchini, kesi za ardhi ndizo zinazojaza mahakama. Familia nyingi za Burundi zinaishi kwa shamba la nusu hekta au pungufu, na shamba hilo linagombewa na ndugu wa baba mmoja, na mjane na mashemeji zake, na aliyebaki na aliyerudi kutoka ukimbizini. Shauri huanzia kilimani, mbele ya wazee. Likishindikana linakwenda mahakama ya chini ya komini, kisha linapanda ngazi hadi mahakama za juu. Chini kesi inaendeshwa kwa Kirundi. Juu, hukumu kwa kawaida inaandikwa kwa Kifaransa. Mama aliyeshindwa anapewa karatasi yenye muhuri, anaikunja, anaiweka ndani ya kitenge, anaanza kumtafuta mtu wa kumsomea. Akimpata, huenda wiki mbili zimekwisha. Kwa mahakama, zimekwisha zikihesabiwa juu yake.

Hata hivyo siwezi kuukejeli ukomo wa muda, na Burundi ndiyo inayonikataza. Mwaka 1972 mamia ya maelfu ya Warundi walikimbia mauaji, wengi wao wakaingia Tanzania. Waliporudi miongo mitatu baadaye walikuta mashamba yao yana watu wengine, baadhi wakiwa na karatasi za serikali mkononi na watoto waliozaliwa hapo hapo. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kuamua kati yao, na mwaka 2014 ikaanzishwa mahakama maalumu ya migogoro hiyo. Maamuzi ya tume yaliweza kutekelezwa hata kama mtu amekata rufaa. Baadaye, mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza aliagiza utekelezaji usimame. Aliyetolewa jana akawa na tumaini la kurudi, aliyerudishwa jana akalala bila usingizi. Mtu asiye na hakika na ardhi hapandi kahawa wala parachichi. Anapanda maharage, kwa kuwa yanakomaa katika miezi mitatu na anaweza kuyavuna kabla barua nyingine haijafika. Kesi isiyofungwa inafupisha maisha ya watu kuwa msimu mmoja mmoja. Mshindi naye ana haki ya kujua kwamba ameshinda.

Kwa hiyo ukweli unataka mlango wazi, na amani inataka mlango ufungwe. Majaji wamejaribu kuweka ufunguo mahali fulani katikati. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la kampuni ya Lyamuya lililofunguliwa mwaka 2010, iliweka vigezo vinavyotajwa hadi leo karibu kila mtu anapoomba kuongezewa muda: aeleze siku zote alizochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe, na kama ipo sababu nyingine nzito, kama vile hukumu yenyewe kuwa na uvunjaji wa sheria, itazamwe. Mahakama hiyo imeshikilia pia kwamba hata siku moja lazima itolewe maelezo. Ule mlango wa uvunjaji wa sheria ulikuwa umekwisha kufunguliwa katika shauri la Wizara ya Ulinzi lililoripotiwa mwaka 1992. Iliyokuwa imechelewa pale ni serikali, yenye mawakili na makarani wake. Nalikumbuka hilo kila ninapomfikiria yule mama na karatasi yake.

Vigezo hivyo naviheshimu, lakini naona vimeacha swali lililo zito kuliko yote. Vinamuuliza mtu alikuwa wapi siku hizo. Havimuulizi ni nani aliyekuwa akila siku hizo. Kuna mchelewaji aliyekaa ndani ya shamba muda wote: kila siku iliyopita ilimwongezea gunia. Na kuna mchelewaji aliyekwisha kutolewa, anayelala kwa dada yake na watoto: kila siku iliyopita ilimpunguzia. Wa kwanza ana kila sababu ya kuchelewa kwa makusudi. Wa pili hana hata moja. Kuwapima wote wawili kwa kalenda ile ile ni kujidai kwamba wakati ni mtupu, kitu kinachopita bila kumgusa mtu. Mkulima yeyote anajua wakati una mazao ndani yake.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha imeshika kalenda kwa ukali zaidi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili ya kufungua shauri, na mwaka 2012 Kitengo chake cha Rufani kilifunga kwa hoja ya muda shauri la mateso yanayodaiwa kutendwa Mlima Elgon, Kenya. Walioteswa walifaidika nini kwa kuchelewa? Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, na Mrundi anayeitegemea Arusha anasimama mbele ya kalenda hiyo hiyo.

Swali hilo la nani anakula linatufikisha kwenye jambo la pili, la kusimamisha utekelezaji. Toka Muyinga, vuka mpaka Kobero, ingia Kabanga upande wa Tanzania, na sheria inageuka. Burundi, iliyorithi desturi ya Kibelgiji na Kifaransa, rufaa yenyewe kwa kawaida inasimamisha hukumu. Tanzania, iliyorithi ya Kiingereza, rufaa haisimamishi kitu. Anayetaka mshindi azuiwe kukazia hukumu katika Mahakama ya Rufani lazima aombe ndani ya siku 14 tangu apate notisi ya kukazia hukumu, aonyeshe atapata hasara kubwa, na aweke dhamana. Watu wa pande mbili za mpaka mmoja, wanaooana na kuuziana ndizi, wanaishi chini ya majibu mawili kuhusu nani abebe hatari kwamba mahakama imekosea. Burundi inambebesha aliyeshinda, Tanzania inambebesha aliyeshindwa. Kusubiri bila mlipaji hakupo.

Sipendelei jibu lolote kati ya hayo mawili likiachwa peke yake. La Burundi linamzawadia mtu anayekata rufaa asiyoamini, ili avune misimu mitatu zaidi. La Tanzania linaweka dhamana mlangoni, na mkulima ambaye mali yake pekee ni shamba linalogombewa ataweka dhamana gani? Zaidi ya hayo, mahakama zetu zimezoea kusema kwamba hasara inayofidika kwa fedha si kubwa kiasi cha kusimamisha hukumu. Hiyo ni hesabu ya mjini. Makaburi ya wazazi yaliyo nyuma ya nyumba hayafidiki. Wala mtoto aliyelala njaa mwezi wa Novemba hashibishwi na hundi ya miaka minne baadaye.

Amri ya kusimamisha hukumu ni mahakama kukiri kwamba huenda imekosea, na ukiri huo naupenda. Ni unyenyekevu adimu kwa wenye mamlaka. Lakini unyenyekevu unaolipiwa na mwingine haujakamilika. Kwa hiyo nawaomba majaji, wa Gitega na wa kwingineko: mnapopima ombi la aliyechelewa, ulizeni kwanza nani alikaa shambani siku hizo. Na mnaposimamisha utekelezaji, andikeni ndani ya amri hiyo hiyo, kwa lugha ambayo wahusika wote wawili wanaisoma, nani atapanda msimu huu, mavuno yatatunzwa na nani mpaka rufaa iamuliwe, na ni tarehe gani itasikilizwa.