Nani Alinituma?

Mwaka jana nilihudhuria kikao cha kushirikisha umma kuhusu bajeti, kwenye wadi yetu hapa Kakamega. Hema, viti vya plastiki, soda. Tulikuwa watu kama arobaini. Nilisimama nikasema vijana tunataka intaneti ya bure karibu na stendi ya matatu. Watu wakapiga makofi. Nikatia sahihi kwenye orodha, nikarudi nyumbani nikijiona raia kamili.

Jioni nikapitia kwa senje, ambaye huuza mrenda na mito sokoni. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Na choo cha soko, nani alikitaja?"

Hakuna.

"Mlikutana saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, senje."

"Saa nne mimi niko na wateja. Sasa wewe ulikuwa unasema kwa niaba ya nani?"

Swali hilo limenikaa kooni, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaosema wawakilishi hawana kazi. Na sababu tunazo. Tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga, huku barabara zikiwa zimejaa watu waliosema hawautaki. Watu waliuawa siku hiyo. Kesho yake rais akatangaza hatautia sahihi. Kifungu cha 104 cha Katiba kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta sehemu za sheria iliyoweka utaratibu huo, na hadi leo hakuna mbunge aliyeondolewa kwa njia hiyo. Ukiona hayo, ni rahisi kusema: simu tunazo, si tupige kura wenyewe kwa kila jambo?

Katiba yenyewe haikatai. Kifungu cha 1 kinasema wananchi wanaweza kutumia mamlaka yao moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Shida ni hilo neno "wananchi". Uswisi, nchi inayosifiwa kwa kura za maoni, mwaka 1959 iliuliza kama wanawake waruhusiwe kupiga kura za kitaifa. Walioulizwa ni wanaume. Wakakataa, na wanawake wakangoja hadi 1971. Wananchi walikuwa wameamua, ndiyo, ila ni wale tu waliokuwa ndani.

Senje hakuzuiwa na sheria. Alizuiwa na mrenda, ambao ukilala unanyauka. Kikao kile kilikuwa wazi kwa kila mtu, na bado kilichagua wasemaji wake kimyakimya: mwenye muda, mwenye nauli, mwenye mdomo. Kwa maneno mengine, mimi. Nilidhani nimemkwepa mwakilishi, kumbe nimekuwa mwakilishi bila kuchaguliwa na mtu yeyote.

Utasema mheshimiwa pia husahau choo. Kweli kabisa. Lakini senje anamjua kwa jina, na mwaka 2027 anaweza kumnyima kura. Mimi atanifanya nini? Kwenye orodha nimeandikwa tu "mwananchi".

Sisemi tuwaachie wabunge kila kitu, 2024 ilitufundisha. Ninachosema ni kwamba anayeamua kwa niaba ya asiyekuwepo ana deni kwake, awe amechaguliwa au amejitokeza tu. Deni lenyewe ni kumuuliza kabla, na kumjibu baadaye. Demokrasia ya moja kwa moja haitufutii deni hilo. Inatugawia sote.

Mwaka huu tangazo la kikao lilipotoka, nilianzia sokoni. Nilizunguka meza baada ya meza na daftari. Karibu kila mtu alitaja choo. Wengine walitaja taa. Intaneti ilitajwa na mmoja tu, na huyo alikuwa mwanafunzi aliyekuja kununua nyanya.

Kikao kilikuwa saa nne tena. Nilisimama na kusoma daftari lote, pamoja na ombi la senje kwamba kijacho kifanywe jioni, palepale sokoni. Hatujajibiwa bado. Senje huniuliza kila nikipita, na lazima nimjibu.